Jogoo Hatagi

Mwaka 1898 Gilbert Gowell, profesa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha jimbo la Maine, Marekani, alianza kutumia viota vya mtego kwenye mabanda yake ya kuku. Kiota cha mtego ni sanduku lenye mlango unaojifunga. Kuku akishaingia kutaga hatoki tena mpaka mtu aje kumfungulia, asome namba ya pete iliyo mguuni, aandike daftarini, ndipo amwachie. Kazi hiyo hufanywa mara kadhaa kwa siku, kila siku ya mwaka, kwa kuwa kuku hana Krismasi. Kabla ya hapo mfugaji alijua banda zima limetoa mayai mangapi leo. Hakujua nani kataga na nani kala pumba za bure.

Mpango wa Gowell ulikuwa ule ambao mfugaji yeyote angeupanga. Alichagua mitetea waliotaga mayai 160 au zaidi katika mwaka wao wa kwanza, akawapandisha na majogoo ambao mama zao walitaga 200 au zaidi, akatotolesha, na mwaka uliofuata akarudia. Aliendelea hivyo kwa karibu miaka 9. Mwaka 1907 akafika Raymond Pearl, mwanabiolojia kijana aliyekuwa amepitia London kujifunza takwimu kwa Karl Pearson. Pearl na mwenzake Frank Surface wakayafungua madaftari na kupiga hesabu. Wastani wa banda haukuwa umepanda. Kama ulikuwa umesogea, basi ulisogea kuelekea chini.

Ni rahisi kumcheka Gowell leo, lakini wafugaji wengi bado wanafanya alichofanya yeye. Idadi ya mayai ya kuku mmoja inatokana na mambo mengi yaliyochanganyika: chakula, baridi ya Maine, tarehe aliyoanguliwa, kama aliugua au hakuugua. Kuku mwenye mayai 200 anaweza kuwa na damu ya kawaida na bahati nzuri, na bahati hairithiwi. Kisha kuna jogoo. Huyo anampa kila kifaranga nusu ya urithi wake, lakini hatagi, kwa hiyo hana rekodi yoyote daftarini. Gowell alimchagua kwa sifa za mama yake, yaani kwa kipimo kilekile kilichojaa bahati.

Pearl akageuza utaratibu. Mzazi, na hasa jogoo, akaanza kupimwa kwa watoto wake: binti zake wakitaga vizuri, baba anabaki, wakitaga vibaya, anaondoka hata kama mama yake alikuwa malkia wa banda. Mwaka 1912 Pearl alichapisha nadharia iliyozua mjadala. Alidai kwamba uwezo wa kutaga sana wakati wa baridi hautoki kwa mama kwenda kwa binti, bali hupitia kwa baba. Hoja yake ilikuwa na msingi wa kibiolojia. Kwa kuku, jike ndiye mwenye kromosomu mbili za jinsia zisizofanana, Z na W, na dume ana Z mbili. Hivyo binti hupata Z yake kwa baba peke yake. Waliokuja baadaye walipima na kukuta kwamba jeni zinazohusika ni nyingi mno, zimetawanyika kote, na nadharia safi ya Pearl ikafa. Mwenyewe alikwishahamia Johns Hopkins kuchunguza umri na idadi ya binadamu. Ila desturi ya kumpima jogoo kwa binti zake ilibaki, na ndiyo iliyobeba karibu kila kitu kilichofuata.

Ng'ambo ya Atlantiki swali lilikuwa limeanza kwa namna nyingine. William Bateson wa Cambridge aliposoma kazi ya Gregor Mendel mwaka 1900, alikuwa tayari anafuga kuku wa majaribio, na mkewe Beatrice alimsaidia kuwatunza nyumbani kwao, kijiji cha Grantchester. Mwaka 1902 alitoa taarifa kwa Royal Society kuonyesha kwamba umbo la upanga wa kichwani mwa kuku hufuata kanuni zilezile ambazo Mendel alizikuta kwenye njegere. Huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kabisa kwamba kanuni hizo zinahusu wanyama pia. Lakini upanga huonekana kwa jike na kwa dume. Unamkamata ndege, unamtazama, umemaliza. Yai halikupi nafasi hiyo.

Aliyelichukua suala la yai ni mwenzake Bateson, Reginald Punnett, yule ambaye wanafunzi wa sekondari wanalijua jina lake kwa sababu ya kisanduku cha kupigia hesabu za urithi. Yai lililomvutia lilikuwa la bluu. Mwaka 1914 Mhispania Salvador Castelló, mwalimu wa ufugaji wa kuku, alikuwa Chile na akawaona kuku wa huko wanaotaga mayai ya bluu. Mwaka 1921, kwenye kongamano la kwanza la dunia la wafugaji wa kuku huko The Hague, aliwatangaza kuwa ni spishi mpya, na kuwapa jina la Kilatini. Miaka mitatu baadaye, kwenye kongamano la Barcelona, ilimbidi ajirekebishe: kuku wasio na mkia na kuku wenye manyoya masikioni aliowachanganya pamoja walikuwa aina tofauti, na wote walikuwa kuku tu. Dunia ya wafugaji ilishasikia habari ya yai la bluu, hata hivyo, na kuku wa asili hiyo wakafika Uingereza. Baadhi yao waliletwa kutoka Amerika ya Kusini na mtaalamu wa mimea Clarence Elliott, na wakaishia mikononi mwa Punnett.

Punnett alipandisha, akasubiri, akahesabu mayai. Mwaka 1933 alichapisha jibu: rangi ya bluu inatokana na jeni moja, na jeni hiyo ni tawala. Binti akipata nakala moja tu, kwa mama au kwa baba, atataga mayai ya bluu. Jeni hiyo ikikutana na zile za rangi ya kahawia, yai linatoka la kijani. Ukilivunja yai la bluu utaona ganda ni la bluu mpaka ndani, maana rangi yake huingia wakati ganda linajengwa. Yai la kahawia lina ganda jeupe kwa ndani. Rangi yake hupakwa juu juu saa za mwisho kabla ya kutagwa, na ukilisugua kwa siki inatoka.

Hapa pana jambo ambalo huwachanganya hata wafugaji wazoefu. Ganda ni kazi ya mama. Kifaranga aliye ndani hakuchangia chochote katika ganda hilo. Jogoo aliyeanguliwa kutoka yai la bluu anaweza asiwe na jeni ya bluu hata kidogo, kama mama yake alikuwa na nakala moja tu na hakumpa hiyo. Anayenunua majogoo kwa kutazama maganda waliyotoka ananunua habari za mama. Punnett aliwajua majogoo wake kwa njia moja tu, ile ya Maine: kungoja binti zao watage.

Jibu la ndani zaidi lilichelewa miaka 80. Mwaka 2013 makundi mawili ya watafiti, moja la China na jingine la Uingereza, yalichapisha kwa nyakati tofauti kwamba jeni ya bluu ni alama ya virusi wa zamani. Kipande cha DNA ya virusi kilijipachika kwenye kromosomu ya 1 karibu na jeni iitwayo SLCO1B3, na kuifanya ifanye kazi mahali inapotengenezewa ganda, ambapo kwa kawaida imelala. Rangi ya nyongo, biliverdini, ikapata njia ya kuingia kwenye ganda. La kushangaza zaidi ni kwamba kuku wa Chile na kuku wa China wenye mayai ya bluu hawakurithiana. Virusi wa namna moja walijipachika mara mbili, sehemu mbili zinazokaribiana lakini tofauti, kwa kuku wa pande mbili za dunia.

Lakini bluu ilikuwa sifa ya mapambo. Soko la miji mikubwa lilitaka kitu kingine. Mayai yalisafiri kwa treni, yakalala kwenye maghala ya baridi, na mnunuzi wa New York au Chicago alipolivunja yai kwenye kikaango alitaka kiini kisimame katikati, na ute ukishike pembeni, usitawanyike kama maji. Yai linapokaa, hewa ya kaboni dioksidi hutoka kupitia vitundu vya ganda, ute unazidi kuwa wa kibesi, na ule ute mzito unalegea. Kwa muda mrefu watu waliamini hiyo ndiyo hadithi nzima: ute mwepesi maana yake yai la zamani. Mwaka 1934 Lorenz, Taylor na Almquist wa Chuo Kikuu cha California walichapisha kwamba uzito wa ute hurithiwa. Wapo kuku ambao yai lao, hata likiwa na joto la kiota, lina ute mwepesi, na binti zao wanafuata. Huko Beltsville, kituo cha wizara ya kilimo ya Marekani, Knox na Godfrey walichukua kuku wa Rhode Island Red na kuwatenga kwa miaka 5 katika koo mbili, ya ute mzito mwingi na ya ute mzito kidogo. Koo hizo zikaachana.

Kilichokosekana kilikuwa kipimo kimoja ambacho kila mtu angekikubali, nacho kilitolewa na Raymond Haugh mwaka 1937. Unapima uzito wa yai. Unalivunja juu ya kioo kilicholala sawasawa. Unaweka kifaa chenye miguu mitatu na sindano ya kushuka katikati, unaishusha mpaka iguse ute mzito, mbali kidogo na kiini, na unasoma kimo kwa milimita. Halafu unaingiza namba mbili kwenye fomula yenye logi, kwa sababu yai kubwa lina haki ya kuwa na ute mrefu zaidi na ni lazima litozwe kwa hilo. Yai la gramu 60 lenye ute wa milimita 8 linapata alama karibu 90; ute ukiwa milimita 5, alama zinashuka hadi 69. Wizara ya Marekani iliweka 72 kuwa mwanzo wa daraja la juu kabisa. Fomula ya Haugh imelalamikiwa na wanatakwimu mara nyingi, na mimi naona wana hoja, lakini wengi wanaopima mayai duniani bado wanaitumia.

Sasa mfugaji wa mbegu alikuwa na namba, na shida yake ikawa ileile. Jogoo hana ute wa kupima. Kumsubiri binti yake akue, atage, mayai yavunjwe, ni zaidi ya mwaka, na wakati huo jogoo anazeeka. Njia ya mkato ilikuwa dada zake. Jogoo na dada zake wa baba mmoja mama mmoja wanagawana nusu ya urithi kwa wastani. Ukivunja mayai ya dada kumi, unamjua kaka yao kwa kiasi fulani kabla hajapanda. Hesabu za jambo hili, uzito upi upewe rekodi ya dada, upi ya mama, upi ya mwenyewe, zilitengenezwa miaka ya 1940 na watu wa Iowa kama Jay Lush na Lanoy Hazel, na kusukumwa mbele kwa upande wa kuku na Michael Lerner wa Berkeley, mtu aliyezaliwa Harbin, Manchuria, kwa wazazi Warusi.

Kutokana na kazi hizo wafugaji walipata picha ambayo imebadilika kidogo tu tangu wakati huo. Uzito wa yai hurithiwa sana: karibu nusu ya tofauti kati ya kuku wa banda moja inatokana na damu. Rangi ya ganda haiko mbali na hapo. Ute na ugumu wa ganda viko katikati. Idadi ya mayai iko chini kabisa, na hapo ndipo Gowell alipojikwaa: alichagua kwa rekodi ya kuku mmoja mmoja sifa iliyo ngumu kuliko zote. Hata dosari hurithiwa. Mwaka 1951 Lerner na wenzake walichapisha jaribio la kuongeza kwa makusudi madoa ya damu ndani ya mayai ya kuku aina ya Leghorn weupe, na madoa yakaongezeka.

Sifa hizi pia zinavutana. Ukichagua kuku kwa idadi ya mayai peke yake, mayai yanakuwa madogo. Ukilazimisha yawe makubwa, idadi inashuka. Ganda ndilo linaloteseka zaidi: kuku anapozeeka yai lake linakua, lakini chokaa anayoweka haikui kwa kiwango hicho, hivyo ganda linakuwa jembamba na trei za mwisho wa msimu zinafika sokoni zina nyufa. Kampuni za mbegu zilipoanza kutaka kuku atage kwa muda mrefu zaidi, zilikuwa kwanza zinatafuta ganda.

Katikati ya hayo yote aliingia Henry Wallace wa Iowa, aliyekuwa ametajirika kwa mahindi chotara na baadaye akawa makamu wa rais wa Marekani. Mwaka 1936 kampuni yake ilianzisha Hy-Line, ili kufanya kwa kuku kile kilichofanyika kwa mahindi: kutunza koo kadhaa zilizochujwa kivyake, kisha kuzichanganya na kumuuzia mfugaji mchanganyiko. Mitetea wa namna hiyo walitaga kwa wingi na kwa usawa. Ila wao wakipandishwa na mayai yao kutotoleshwa tena, sifa hutawanyika, na mfugaji analazimika kurudi kununua vifaranga. Biashara hiyo ya urithi ndiyo iliyoiweka mbegu ya kuku wa mayai wa dunia mikononi mwa kampuni chache.

Na kampuni hizo ndizo zilizokutwa na kisa cha shombo. Miaka mingi kabla ya hapo Mmarekani J. H. Vondell alikuwa ameuliza, katika jarida la Poultry Science, kama mayai yanayonuka samaki yana asili katika ukoo wa kuku. Swali lilipata uzito miaka ya 1970 nchini Uingereza, pale mashudu ya rapa yalipoingia kwenye chakula cha kuku badala ya soya ya kuagiza. Rapa ni mmea wa mafuta wa jamii ya haradali. Uzao wake wa kisasa unauzwa kwa jina la kanola. Walaji wakaanza kurudisha mayai. Waliochunguza waliona jambo la ajabu: banda moja, chakula kimoja, kuku wengi wanataga mayai safi na wachache wanataga mayai yenye shombo. Tena ilikuwa kwa kuku wa mayai ya kahawia. Leghorn weupe walikula mashudu hayohayo bila tatizo. Mwaka 1976 Bolton, Carter na Jones, watafiti wa Edinburgh, walichapisha kwamba kuna jeni nyuma yake, na kwamba nguvu ya jeni hiyo hutegemea kilichomo kwenye chakula.

Kinachotokea ni hiki. Bakteria wa utumboni huvunja kolini, ambayo rapa inayo kwa wingi, na kutoa trimethilamini, kemikali ileile inayompa samaki aliyekaa harufu yake. Ini la kuku mzima lina kimeng'enya cha kuigeuza iwe kitu kisicho na harufu. Kuku mwenye jeni mbovu ana kimeng'enya dhaifu, na rapa ina tanini na kemikali nyingine zinazokidhoofisha zaidi. Trimethilamini inaingia kwenye damu, na kutoka hapo kwenye kiini. Kuku huyohuyo akilishwa mahindi na soya anaweza kutaga mayai safi maisha yake yote, na hakuna atakayejua amebeba nini.

Sasa mfikirie jogoo wa ukoo huo. Hatagi, hanuki, afya yake ni njema, binti zake wako shambani kwa mtu mwingine wanakula soya. Kwa karibu miaka 30 baada ya Edinburgh hapakuwa na namna ya kumkamata ila kuwalisha binti zake mashudu na kunusa mayai yao. Mwaka 2005 Mervi Honkatukia wa Finland na wenzake walichapisha kwenye jarida la Genomics kwamba dosari iko kwenye jeni ya FMO3, kromosomu ya 8, na kwamba ni badiliko la asidi-amino moja tu katika kimeng'enya kizima. Jeni ya jina hilohilo ikiharibika kwa binadamu huleta ugonjwa adimu ambapo jasho na pumzi ya mtu hunuka samaki. Baada ya hapo jogoo alipimwa kwa tone la damu. Kampuni kubwa zikaanza kuwapima majogoo wa koo zao na kuwatoa waliobeba jeni hiyo.

Kuku wengi wa mayai ya kahawia wanaofugwa Kenya, Tanzania na Uganda wanatoka kwenye koo za kampuni hizo. Mashudu ya rapa hatunayo kwa wingi, lakini tuna dagaa, na kuku anayepewa dagaa kupita kiasi atataga yai lenye shombo hata kama damu yake ni safi. Ikinuka trei nzima, punguza dagaa. Yakinuka mayai machache katika kundi linalokula chakula kimoja, hasa kama umejichanganyia mbegu mwenyewe kutoka kuku wasiojulikana, mtuhumu jogoo. Kiini cha njano, kinyume chake, usimsifu nacho jogoo wala kuku: rangi hiyo hutoka kwenye mahindi ya njano na majani, na kuku wa kizungu akiachiwa mchicha atakupa kiini cha kienyeji ndani ya wiki chache.

Kwa hiyo anayetaka kuboresha kuku wake wa mayai, asinunue jogoo kwa kifua na sauti. Aombe kuonyeshwa mayai ya dada zake, alivunje moja kwenye sahani, aangalie ute na ganda. Muuzaji asiyekuwa na yai la kuonyesha, alipwe bei ya jogoo wa kitoweo.